Brunel alijenga viwanda viwili vya mbao vya mvuke kando ya mito miwili. Kwa nini kimoja kilimfilisi na kingine bado kimesimama?

#1 Kapi na Gofia
Wakuu, heshima kwenu. Kuna jambo nataka tulijadili kwa hoja.

Mwanzoni mwa karne ya 19 fundi mmoja, Marc Isambard Brunel, alisimamisha viwanda viwili vya kupasua mbao kwa nguvu ya mvuke. Vyote viko Uingereza, vyote kando ya mto, na miaka yake imekaribiana. Cha kwanza kilikuwa Battersea, London, ukingoni mwa mto Thames, mali yake na washirika wake. Cha pili kilikuwa ndani ya karakana ya jeshi la majini pale Chatham, kwenye mto Medway, kikakamilika 1814. Cha Battersea kiliungua mwaka huohuo wa 1814. Kikajengwa upya, lakini kufikia 1821 mwenyewe alikuwa jela ya wadeni London, yeye na mkewe Sophia. Cha Chatham kiliendelea kupasua mbao za manowari na jengo lake lipo mpaka leo.

Kichwa ni kilekile, misumeno ni ileile. Msimamo wangu: kilichotofautisha ni mteja. Chatham mteja alikuwa Serikali yenye vita na Napoleon, na hata vita vilipokwisha bado ilikuwa na meli za kutunza. Battersea alitegemea soko. Nani anabisha?

#2 Somili Mafinga
Nabisha mapema kabisa. Ni moto.

Mimi niko kwenye mbao huku Mafinga. Asiyewahi kukaa kiwandani hajui vumbi la mbao lilivyo. Linakaa juu ya kenchi, linaingia kwenye beringi, linajazana chini ya meza ya msumeno, na likishakauka cheche moja tu inatosha. Sasa weka na boila yenye tanuri humo humo. Mtu akipoteza mashine na akiba ya magogo kwa usiku mmoja, hata mteja awe mfalme, huwezi kumuuzia majivu.

#3 Mhasibu Tabata
Moto ulimjeruhi tu. Kilichommaliza ni vitabu vya hesabu.

Brunel alikuwa mtu wa mashine. Fedha aliwaachia washirika, na kila alipopata wazo jipya alichota kwenye biashara ya zamani kulilisha. Tukumbuke pia viatu. Pale Battersea alianzisha mtambo wa kutengeneza buti za askari, soli zinapigwa misumari kwa mashine, na waliouendesha walikuwa askari waliopata ulemavu vitani. Wazo zuri sana kiutu na kiufundi. Kisha vita vikaisha 1815 baada ya Waterloo, Serikali ikaacha kununua, na stoo ikabaki imejaa viatu visivyo na miguu. Kapi na Gofia, hapo hoja yako ya mteja inakugeukia: mteja wa viatu alikuwa Serikali hiyohiyo!

#4 Kapi na Gofia
Mhasibu umenigusa pabaya, lakini hapo kuna tofauti. Viatu alitengeneza kwa mtaji wake akitegemea kuagizwa zaidi. Chatham majengo, mitambo na makaa vililipwa na hazina. Hata mbao zikikosa kazi kwa mwezi, hakuna mdai wa kugonga mlango.

#5 Dogo Gerezani
Huyu si ndiye aliyejenga meli ya Great Eastern na reli ya kwenda Bristol? Jamaa kama huyo atafilisikaje?

#6 Jirani wa Medway
Dogo, huyo ni mwanawe, Isambard Kingdom Brunel, aliyezaliwa Portsmouth 1806. Tunayemzungumzia ni baba. Mzee alizaliwa Normandy, Ufaransa, 1769. Alikuwa upande wa mfalme, akakimbia mapinduzi 1793 akaenda Marekani, akafanya kazi ya uhandisi New York, kisha 1799 akavuka kwenda Uingereza na kumwoa Sophia Kingdom mwaka huohuo.

Naishi Kent, mwendo mfupi kutoka Chatham, kwa hiyo huu uzi umenikuta nyumbani. Karakana ilifungwa kama kituo cha jeshi 1984 na sehemu yake kubwa sasa ni makumbusho. Jengo la mbao la Brunel liko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kwa daraja la juu kabisa. Ni la matofali, limejengwa mwinuko, mbali kidogo na maji. Nitarudi kueleza kwa nini hilo la mwinuko ndilo kiini cha mjadala wote, maana mmeanza na moto na viatu mkaruka gogo lenyewe.

#7 Bi Mkubwa Tanga
Mwanangu Jirani usituache njiani. Tunasubiri.

#8 Fundi Tezo
Na mimi nasubiri. Ila kabla hajarudi nina swali la fundi. Kiwanda kinawekwa kando ya mto kwa sababu mbili: ama maji yazungushe gurudumu, ama maji yabebe magogo. Ukishakuwa na mvuke, ya kwanza haina kazi. Kwa hiyo mto hapo ni barabara tu. Je, mwaloni unaelea? Huku kwetu mvule mbichi ukiutumbukiza majini unalala chini.

#9 Jirani wa Medway
Fundi Tezo umelenga palepale. Medway pale Chatham ni mto wa kupwa na kujaa, hauna maporomoko ya kuzungusha kitu chochote cha maana. Mvuke ndio uliowezesha kiwanda kiwepo pale. Mto ulileta magogo: misonobari ya Baltiki kutoka bandari kama Riga na Danzig, na mwaloni. Msonobari unaelea vizuri. Mwaloni mbichi unaelea kwa shida, umezama karibu wote.

Sasa sikilizeni alichofanya Brunel. Zamani gogo likifika lilikuwa linaburutwa na farasi uwanja mzima: kutoka majini mpaka rundo, kutoka rundo mpaka shimo la kupasulia, kutoka shimoni mpaka melini. Brunel alichimba mfereji wa chini kwa chini kutoka bwawa la magogo. Gogo linaingia kwenye handaki likielea, linafika chini ya shimo refu la wima lililo jirani na kiwanda. Hapo linanyanyuliwa hadi kule mwinukoni kiwanda kilipo kwa lifti ya mizani: upande mmoja tangi linajazwa maji, linashuka kwa uzito wake, upande wa pili gogo linapanda. Injini ya mvuke kazi yake ni kupandisha maji ya kujaza tangi. Likifika juu linapokewa na behewa lenye krini linalotembea kwenye reli iliyoinuliwa juu ya nguzo za chuma, linapelekwa kwenye rundo lake au linaingizwa moja kwa moja kwenye fremu za misumeno.

Ndani, kila fremu imebeba misumeno kadhaa iliyosimama sambamba, inapanda na kushuka kwa pamoja, gogo linasogezwa mbele taratibu kwa mashine. Linaingia gogo, zinatoka mbao zote kwa mpito mmoja.

Hoja yangu: Battersea alikuwa na msumeno bora. Chatham alikuwa na msumeno bora pamoja na njia ya kulifikisha gogo msumenoni. Gharama kubwa ya mbao iko kwenye kuibeba.

#10 Somili Mafinga
Jirani hapo umesema kweli tupu, ingawa moto siuachi. Huku msituni kinachokula pesa ni kusogeza gogo. Ding dong yenyewe, ule msumeno wetu wa duara wa kuhamishika, inapasua haraka tu. Vijana sita wanahangaika na gogo moja kwenye matope, mashine imewashwa inanguruma bure, dizeli inaisha. Ndiyo maana watu wakaamua kuihamisha mashine iyafuate magogo.

#11 Mhasibu Tabata
Nakubali lifti ni nzuri, lakini ililipwa na nani? Turudi kwenye hesabu...

#12 Dogo Gerezani
Mhasibu hata ukiota ndoto inakuja na risiti 😂

#13 Mwalimu Historia
Salaam. Msije mkadhani Battersea ndicho kiwanda cha kwanza cha mbao cha mvuke duniani. Hapana. Marekani walitangulia, tena kando ya mto mkubwa kuliko yote ya kwao.

Oliver Evans wa Philadelphia, gwiji wa injini za mvuke wa presha kubwa, alitengeneza injini ya boti iliyokusudiwa kupanda mto Mississippi, mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1800. Wenye boti walikuwa McKeever na Valcourt. Boti ilijengwa Kentucky, ikateremshwa na mto hadi New Orleans ikasubiri injini. Mafuriko yakaja yakaibeba, maji yalipopungua ikabaki nchi kavu, mbali na mto. Wamiliki wakabaki na injini nzima na boti isiyoweza kwenda popote. Wakaamua injini ifungwe kwenye kiwanda cha mbao. Kwa maelezo ya Evans mwenyewe ilipasua futi 3,000 za mbao kwa saa 12. Mambo yakaenda vizuri hadi watu wakakichoma moto kiwanda.

Kwa hiyo Somili, moto wako upo. Ila ule haukuanza na vumbi.

#14 Mtoto wa Kariakoo
Nani alichoma?

#15 Mwalimu Historia
Lawama ziliwaangukia wapasua mbao wa mikono, na inaingia akilini. Msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo mmoja chini shimoni, ulilisha familia nyingi kila mji wenye bandari. Mashine inapasua futi 3,000 mchana mmoja; wao watakula wapi?

London kwenyewe kulishatokea. 1768 mfanyabiashara Charles Dingley alikuwa na kiwanda cha mbao cha upepo pale Limehouse, kando ya Thames. Umati wa wapasua mbao ukakivamia na kukivunja. Mwaka uliofuata, 1769, Bunge likapitisha sheria kali ya kuwaadhibu wanaobomoa vinu. Kwa hiyo Brunel alipoweka mvuke Battersea miaka 40 hivi baadaye, alikuwa anajenga kwenye mto uleule wenye kumbukumbu hiyo.

#16 Bi Mkubwa Tanga
Baba yangu alipasua mbao kwa mkono Usambara, mimi mtoto nampelekea uji. Mtu wa chini hana raha. Vumbi lote linamwangukia yeye, machoni, shingoni, mgongoni. Anafunga kitambaa kichwani, anavuta msumeno huku amefumba macho, anaufuata mstari kwa mkono. Wa juu ndiye mwenye kuongoza, na ndiye aliyelipwa zaidi. Jioni baba alikuwa anakaa nje ya nyumba mama anamtoa vumbi sikioni kwa unyoya wa kuku.

Kiwanda kilipofika eneo letu wenzake wengine walilia, wengine walishukuru. Yeye alishukuru. Kwa hiyo msiseme wapasua mbao wote walitaka kuchoma.

#17 Fundi Tezo
Bi Mkubwa shikamoo, umenikumbusha mbali. Na hilo la baba yako linaleta jambo lingine: mashine haikumaliza kazi ya mikono hata huko Chatham. Meli si meza. Mataruma, zile mbavu za chombo, hayanyooki, yanapinda kufuata tumbo la chombo. Fremu ya mvuke inajua kupasua kwenda mbele tu. Taruma linahitaji mti uliopinda wenyewe tangu msituni, kisha shoka na tezo. Huku Nungwi fundi anazunguka shambani anaangalia mwembe na mtondoo, anapiga jicho tawi, anasema hili la omo, hili la tezi. Hakuna injini inayokuchagulia hilo.

Mbao za ubavu na za sitaha, hizo sawa, mvuke una kazi.

#18 Jirani wa Medway
Ndivyo ilivyokuwa, Fundi. Mashimo ya kupasulia kwa mikono hayakutoweka karakanani baada ya 1814. Kiwanda kilichukua kazi ya kunyooka, ambayo ndiyo nyingi.

#19 Binti Chake
Naomba nichomekee jambo la kwetu. Ile manowari HMS London iliyokaa bandarini Unguja kuanzia 1874 hadi 1884 kuzuia biashara ya watumwa, ilijengwa Chatham. Ilianza kujengwa 1827, ikashushwa majini Septemba 1840, enzi kiwanda cha Brunel kinafanya kazi palepale karakanani. Ilikuwa ya matanga, baadaye ikafungwa injini, na ilipofika kwetu ilikuwa meli ya kituo: imetia nanga, boti zake ndizo zinazozunguka visiwani kusaka majahazi yaliyobeba watumwa, mwaka mmoja baada ya Sultan Barghash kutia sahihi mkataba wa 1873.

Nahodha wake Brownrigg aliuawa 3 Desemba 1881 karibu na Pemba. Alisimamisha jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa, waliokuwamo wakawashambulia. Habari hiyo kwetu tumekua nayo.

Kwa hiyo mbao za kiwanda hiki tunachokijadili, Waunguja walizitazama kila asubuhi miaka kumi.

#20 Kapi na Gofia
Binti Chake, hii imeupa uzi wangu maisha mapya. Ahsante sana.

#21 Mtoto wa Kariakoo
Binti, "mbao za kiwanda hiki" una uhakika? Si ndiyo kwanza Fundi Tezo amesema mbavu zinachongwa kwa mkono?

#22 Binti Chake
Nimesema mbao, sijasema mataruma 😊 Soma tena #17 mwisho. Meli ya mizinga 90 ina mbao za ubavu na sitaha za kumwaga, na kiwanda kilikuwa ndani ya ua uleule. Ukiniambia walikipita wakaenda kupasua zote shimoni kwa mikono, wewe ndiye wa kuleta ushahidi.

#23 Fundi Tezo
Binti yuko sahihi kwa upande wangu. Nyongeza: kapi za kupitishia kamba za matanga ya meli hiyo nazo zina mkono wa Brunel. Kazi iliyompa jina kabla ya mbao ilikuwa mtambo wa kutengeneza kapi kule Portsmouth, aliojenga na fundi mashine Henry Maudslay chini ya Samuel Bentham, mkaguzi mkuu wa kazi za jeshi la majini. Mashine 45, watu 10 wasio mafundi wakafanya kazi iliyohitaji mafundi 110, na 1808 zilitoka kapi 130,000. Meli moja ya mizinga 74 ilihitaji karibu kapi elfu moja. Nikikumbuka ninavyokaa kuchonga gofia moja siku nzima, namheshimu mzee huyu.

#24 Mhasibu Tabata
Na Portsmouth alilipwa! Pauni zaidi ya 17,000, kulingana na akiba iliyopatikana kwa mwaka mmoja wa kazi. Alisubiri, akabembeleza, lakini alilipwa. Ndizo pesa zilizozama Battersea na kwenye viatu. Nasimamia vitabu vya hesabu.

#25 Mwanamuheza
Wakuu mko Ulaya sana, na hapa Tanzania tunayo habari ya mto na magogo. Mto Zigi, Usambara Mashariki. Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi, kama kilomita 23, ikakamilika 1910, kwa ajili ya kutoa mbao za msitu wa Amani. Mlima ulikuwa mkali, treni ikapanda kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, ngazi kwa ngazi. Nyumba ya mkuu wa stesheni bado ipo, ukienda hifadhi ya Amani unaipita pale getini Zigi.

Na ona: mto upo pembeni kabisa, lakini hawakuelesha magogo. Zigi umejaa mawe, na miti ya pale ni mizito. Hapo mto haukuwa barabara hata kidogo. Reli ndiyo iliyochukua nafasi ya mfereji wa Brunel. Ndiyo maana naungana na Jirani #9: anayeshinda ni anayejua kulisafirisha gogo.

#26 Somili Mafinga
Mwanamuheza, na Shume je? Wajerumani walewale waliweka waya wa kuning'inia kutoka Mkumbara chini bondeni hadi juu Neu-Hornow, ndiyo Shume yenyewe, kuteremsha mierezi. Kilomita tisa hivi za waya, na mwinuko wa kama mita 1,500. Hakuna mto, hakuna handaki, gogo linapita angani.

#27 Bi Mkubwa Tanga
Huko Shume ndiko alikopasulia baba. Nguzo za ule waya wazee walikuwa wanatuonyesha zilipokuwa.

#28 Dogo Gerezani
Sasa mbona hatujaambiwa Battersea walikuwa wanapasua nini hasa? Manowari pia?

#29 Jirani wa Medway
Swali zuri Dogo, na wengi wetu tulilipita. Battersea biashara kuu ilikuwa venia, yaani vile vijikaratasi vya mbao za thamani kama mahogani vinavyobandikwa juu ya mbao za kawaida kutengenezea samani. Alikuwa na misumeno ya duara mikubwa ajabu, mmoja wa kipenyo cha futi 18, karibu mita tano na nusu. Si bamba moja la chuma. Ni gurudumu kubwa, na pembeni yake zimefungwa vipande vipande vya msumeno vyembamba, vinaungana kuwa duara. Katikati ni nene na imara, ukingoni ni nyembamba, na venia inavyotoka inapinda kando kulipisha gurudumu. Ilikuwa inapasua venia za unene wa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi. Watu walikuwa wanakwenda kutazama tu, na 1817 mwandishi Richard Phillips alichapisha habari za matembezi yake hadi huko akizisifu sana mashine hizo. Injini ilikuwa ya nguvu ya farasi 16.

Kwa hiyo viwanda hivi viwili havikuwa na bidhaa moja. Chatham ilipasua mihimili ya vita. Battersea ilipasua mapambo ya kabati za matajiri.

#30 Kapi na Gofia
Naam! Hapo ndipo mteja wangu anarudi. Tajiri wakati wa dhiki haagizi kabati. Meli inayovuja lazima itengenezwe.

#31 Mhasibu Tabata
Kapi, venia ndiyo iliyokuwa inaleta faida. Ungelinda fedha za venia usizipeleke kwenye viatu, ungekufa tajiri. Biashara ya samani haikumfilisi, ilikuwa inalisha biashara nyingine.

#32 Somili Mafinga
Nyote mnaruka 1814. Faida ya venia ilitoka kwenye mashine zilizoungua. Alipojenga upya alijenga kwa deni. Deni halikuzaliwa na viatu, viatu vililikuta.

Na ngoja niseme kitu kuhusu huo msumeno wa futi 18. Huku ding dong meno yake ni mapana, kila mpito unakula gogo, mwisho wa siku rundo la vumbi linashindana na rundo la mbao. Mzee yule alifikiria wembamba wa meno zaidi ya miaka 200 iliyopita. Miti ya msitu wa Sao Hill tunayoigeuza vumbi inaniuma kila nikikumbuka hilo.

#33 Mwalimu Historia
Naongeza hoja ya tano. Sheria na siasa. Brunel akiwa jela 1821 alianza kuwasiliana na Tsar Alexander wa Urusi aende kumfanyia kazi. Habari zikawafikia wakubwa, Wellington yule jenerali wa Waterloo akiwemo, na Serikali ikatoa pauni 5,000 kulipa madeni kwa sharti abaki Uingereza. Akatoka Agosti. Maana yake Serikali ilijua thamani yake muda wote. Kama ingemlipa kwa haki na kwa wakati kazi alizoifanyia, asingefika gerezani.

#34 Mtoto wa Kariakoo
Kumbe hata huko kulipwa na Serikali kunahitaji kutishia kuhama nchi. Hapa kwetu kuna mahali nilipeleka madawati, mwenzangu, hadithi ndefu.

#35 Bi Mkubwa Tanga
Pole baba. Mbao ngumu, malipo magumu zaidi.

#36 Jirani wa Medway
Mambo mawili ya pembeni halafu nirudi kwenye hoja.

La kwanza, msaidizi wa Brunel pale Chatham alikuwa kijana Henry Thomas Ellacombe, ametoka Oxford 1812, akakaa naye hadi 1816. Kisha akaacha uhandisi akawa kasisi, na akajulikana kwa kubuni mtambo wa kamba unaomwezesha mtu mmoja kupiga kengele zote za kanisa. Mnaona mafunzo ya Chatham yalikokwenda: mtu mmoja afanye kazi ya wengi.

La pili, inasimuliwa kwamba wazo la handaki chini ya Thames lilimjia pale karakanani akimtazama yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao za vyombo, anavyochimba huku akijengea ukuta nyuma yake. Ngao ya kuchimbia aliichukulia hataza 1818, kazi ikaanza 1825, handaki likafunguliwa 1843. Treni zinapita humo mpaka leo.

#37 Fundi Tezo
Mdudu huyo sisi ni adui yetu. Ndiye anayetufanya tupandishe chombo pwani tukipake chokaa na mafuta. Mwenzetu akamgeuza mwalimu.

#38 Dogo Gerezani
Jirani, na ile reli ya juu ya nguzo, upana wake ulikuwa ngapi? Nauliza kwa sababu mwanawe reli zake zilikuwa pana kuliko za wenzake.

#39 Jirani wa Medway
Dogo leo umeamka vizuri. Inatajwa kuwa futi 7. Na reli ya mwanawe, Great Western, ilikuwa futi 7 na robo ya inchi, ikadumu hivyo hadi 1892. Wako wanaosema kijana aliuchukua upana ule kwa baba yake.

#40 Mwanamuheza
Hapo mimi sikubaliani nao. Isambard mwenyewe alikuwa na sababu zake: mwendo kasi na utulivu wa behewa. Reli ya kubebea magogo kwa krini inahitaji upana ili isipinduke, hilo ni jambo jingine. Mafundi wawili wanaweza kufika namba moja kwa njia mbili.

#41 Kapi na Gofia
Au baba na mwana walikaa mezani wakaongea. Kijana alifundishwa kuchora na baba yake tangu mdogo. Mtoto wa fundi seremala hajifunzi vipimo mtaani.

#42 Somili Mafinga
Mmeshahamia kwenye reli. Turudi Battersea. Swali langu kwa Jirani #9: Chatham kulikuwa na boila, vumbi na mbao kavu vilevile. Kwa nini chenyewe hakikuungua?

#43 Jirani wa Medway
Angalia kilivyojengwa. Matofali, nguzo za chuma, injini inayopandisha maji muda wote, tangi la lifti juu, na karakana yenye walinzi na watu wa zamu usiku kucha. Mtu binafsi Battersea hawezi kugharamia yote hayo.

#44 Mhasibu Tabata
Umesema "kugharamia". Nashukuru.

#45 Kapi na Gofia
Amesema "mtu binafsi". Mimi ndiye ninayeshukuru.

#46 Somili Mafinga
Nyie wawili gawaneni hiyo sentensi, mimi naondoka na boila. Jirani, ukipita tena pale makumbusho niangalizie kitu: tanuri ya boila iko upande gani wa fremu za misumeno, na kati yake kuna ukuta au hakuna. Kama kuna ukuta nitaleta hoja nyingine hapa.